Gari Lililonyweshwa Bia

Gari la Nilda Cossío lilizimika mbele ya soko la Cancha, pale ambapo wauza maparachichi wamekula nusu ya barabara, wakati ambao mji mzima wa Cochabamba hurudi nyumbani kula. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilikuwa linakwenda, kisha likawa kimya, kama mtu aliyekatizwa maneno. Nyuma yake honi zikaanza kulia.

"Mama, kama unataka kulala si ubaki kwako!" dereva wa basi akapiga kelele.

"Shuka usukume, baba! Mdomo hausukumi gari," Nilda akamjibu bila kugeuka.

Abiria wake walishuka wakinung'unika. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mwenye kofia ndefu nyeupe, na kapu lake la jibini likakwama mlangoni. Nilda alimtoa, akampa pole, kisha akarudi kushika usukani. Alivaa sweta ya njano na nywele amezisuka misuko miwili ya haraka haraka. Kwa mbali ungesema ana hasira. Ukimkaribia ungeona ni hofu. Chama cha madereva kilikuwa kimeshamwonya: gari likiendelea kuwaacha abiria njiani, ataondolewa kwenye laini, na laini ile ndiyo iliyowalisha yeye na baba yake.

"Usiwashe kwanza," sauti ikasema dirishani.

Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyotobolewa na matone ya risasi ya kuchomelea. Mkono mmoja alishika bunda la nyaya, mkono mwingine mfuko wa plastiki wa juisi ya pichi, mrija mdomoni.

"Na wewe ni nani?"

"Limbert Vallejos, fundi umeme wa magari. Karakana yangu iko mtaa wa nyuma. Geuza ufunguo, ila usiwashe. Taa ya injini inawaka?"

"Haiwaki."

"Ya betri je? Ya mafuta?"

"Hizo zinawaka."

Limbert akatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Unacheka nini? Mimi nafukuzwa kazi, wewe unacheka!"

"Sikucheki wewe, dada. Nacheka kwa sababu gari limeanza kusema ukweli."

Wakalisukuma hadi pembeni. Limbert akanywa juisi yake taratibu, akamwambia Nilda ageuze ufunguo tena. Safari hii taa ya injini ikawaka, na gari likaguruma kama halijawahi kuugua.

"Umelifanya nini?"

"Sijaligusa. Linapona lenyewe; ndilo tatizo lake."

Gari lenyewe lilikuwa la mtumba kutoka Japani, mojawapo ya yale yanayoshushwa bandari ya Iquique, ng'ambo ya mpaka, yakiwa na usukani kulia, na mafundi wa huko huuhamishia kushoto kabla hayajapanda milima kuja kwetu. Lilikuwa la baba yake, Don Anselmo. Aliliendesha hadi macho yalipomwishia nguvu, ndipo akamkabidhi binti yake funguo mbele ya majirani kama anayekabidhi shamba.

Siku iliyofuata Nilda alilipeleka karakana. Liliunguruma asubuhi yote bila kasoro. Limbert alipima plagi, akapima koili na pampu ya petroli; vyote mafundi wengine walikuwa wameshavibadilisha, na bado gari lilizimika.

"Gari hili ni kama mgonjwa anayepona akimwona daktari," akasema huku akifuta mikono.

"Kwa hiyo na wewe utasema sijui kuendesha? Wenzako wote wamesema hivyo."

"Mimi sijasema. Nasema nitapanda nawe mpaka lizimike nikiwepo."

"Abiria wa bure!"

"Nitakulipa kwa hadithi."

Ndivyo Limbert alivyoanza kukaa kiti cha mbele, kipimo cha umeme mapajani na balbu ndogo aliyoiunganisha na waya unaoleta umeme kwenye kompyuta ya injini. Abiria walimtania. "Huyu ndiye konda mpya?" mmoja aliuliza. "Hapana," akajibu bibi mwingine kutoka nyuma, "huyu ni posa inayotembea. Tazameni anavyomwangalia."

Nilda aliona haya, akabadilisha gia isiyohitaji kubadilishwa.

Walizungumza njia nzima. Nilda alimwambia habari za mama yake aliyekwenda Hispania kutunza wazee wa watu na hakurudi tena. Limbert alimwambia kwamba alipokuwa mtoto alifungua redio ya shangazi yake kumtafuta mtu anayesema ndani. "Ukamkuta?" "Nilipigwa kabla sijafika." Nilda alicheka hadi akapitiliza kituo, na abiria wakalazimika kupiga kelele.

Gari lilizimika mchana, jua likiwa utosini na abiria wamejaa. Limbert hakutazama barabara, alitazama balbu. Ilikuwa inawaka.

"Geuza ufunguo. Taa ya injini?"

"Haiwaki!"

"Basi umeme unafika kwenye kompyuta, lakini kompyuta yenyewe imezirai. Haiambii plagi zichome wala petroli imwagwe. Ikipoa, inazinduka. Asubuhi kuna baridi, ndiyo maana karakana haikuonyesha kitu. Nilda, wewe unajua kuendesha. Tangu mwanzo ulikuwa unajua."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Nilda aliangalia nje, kule kwa wauza soksi, mpaka macho yake yakakauka.

"Kesho njoo na draya yako ya nywele," Limbert akaongeza.

"Unataka kujiremba?"

"Nataka kulizimisha gari lako mbele ya macho yako, ili usije ukasema nimekisia."

Kesho yake waliinama wote wawili chini ya redio ya gari. Waliouhamisha usukani kule Iquique walikuwa wameiacha kompyuta ikining'inia chini, bila kifuniko chake cha plastiki. Injini ilikuwa inaunguruma. Nilda akaelekeza hewa ya moto kwenye boksi lile la bati. Mabega yao yaligusana, na hakuna aliyesogea. Boksi lilipopata moto vizuri, injini ikakata, ghafla, kama ilivyokata pale Cancha.

"Limekufa!" Nilda akapiga kelele kwa furaha, akamkumbatia fundi pamoja na draya iliyokuwa ikivuma bado. "Limekufa, Limbert, limekufa!"

"Sijawahi kuona mtu akishangilia msiba hivi," Limbert akasema kwenye nywele zake. Lakini naye hakumwachia.

Walipofungua boksi walikuta utando wa kahawia umenata juu ya njia za umeme, na miguu ya vipande vingine imeota kutu ya kijani. Limbert akainusa.

"Hii ni bia."

Nilda hakuuliza imefikaje. Kila mtu kwetu anajua. Jumanne ya Kanivali nyumba hunyweshwa, duka hunyweshwa, na gari hunyweshwa kuliko vyote: linafungwa maua na utepe, linarushiwa karatasi ndogo za rangi, kisha linamwagiwa bia kwenye magurudumu, kwenye injini, na kwa wale wanaolipenda sana, hata kwenye dashibodi. Don Anselmo alilipenda sana.

Mzee alipoelezwa jioni ile, hakufurahi.

"Miaka yote nimeendesha, sikumgonga hata kuku," akasema. "Gari lisilopewa kinywaji hutafuta damu. Hilo fundi wako hakulisoma?"

"Baba, kinywaji chako ndicho kinacholizimisha."

"Kinywaji changu ndicho kilichokurudisha nyumbani kila siku."

Limbert alitafuta kompyuta nyingine kwa wauza spea za mtumba. Aliijaribu kwa draya kutwa nzima kabla ya kuifunga. Alitaka kuipandisha juu, mbali na redio, lakini nyaya hazikufika. "Baada ya Kanivali nitaunga nyaya ndefu," akasema. "Kwa sasa hata tone lisidondoke hapa, Don Anselmo. Mwagia udongo, mwagia magurudumu. Hapa, hapana." Nilda akaongeza, kwa sauti kali kuliko alivyokusudia: "Umesikia, baba? Nakukataza."

Gari likaacha kuzimika. Msimu wa mvua ukaja na mapenzi yakaja nao. Limbert alimpigia simu kila alipofunga karakana.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Gari? Liko salama."

"Nani kauliza gari?"

"Mwendawazimu wee! Niache niendeshe."

"Endesha, roho yangu. Ila polepole pale mzunguko wa Quintanilla, nina mali yangu humo."

Walipatana kwamba Kanivali ikipita, Limbert angekuja na wazazi wake kumposa, na maua na keki, kama inavyotakiwa. Nilda alishonesha gauni la kijani kibichi, akalificha chini ya godoro kama msichana wa shule.

Jumanne ya Kanivali Nilda alifunga maua kwenye boneti, akamwagia udongo bia kidogo, kisha akaenda kwa jirani kusaidia kupakua supu. Don Anselmo akabaki peke yake uani na gari. Mtaa mzima ulikuwa unanuka bia na unga wa baruti. Kila gari lilikuwa limelowa. Lake pekee lilikuwa kavu, kama mtoto asiyebatizwa, na ndilo lingembeba binti yake mwaka mzima kati ya mabasi ya walevi. Alifungua mlango. Alimimina glasi moja juu ya dashibodi, taratibu, akilitaja jina la Nilda. Glasi moja haitoshi, binadamu ana miguu miwili. Akamimina ya pili. Akarusha na karatasi za rangi. Kisha akapangusa kwa shati lake, vizuri sana, ili bia isionekane.

Jua la wiki iliyofuata lilikuwa kali. Gari lilizimika kwenye mzunguko uleule wa Quintanilla likiwa na abiria, na basi lililokuwa nyuma likaligonga. Bibi mmoja akapasuka kwenye paji la uso. Damu ilikuwa kidogo, lakini ilimwagikia blauzi nyeupe, na watu waliiona.

Nilda aliitwa ofisi ya chama. Limbert alilikuta gari uani kwao, akafungua boksi peke yake. Ndani kulikuwa na unyevu unaonata, na vijiduara vya karatasi, vya pinki na kijani, vimeganda kwenye njia za umeme kama mapambo. Aliinua macho. Don Anselmo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Glasi mbili tu, mwanangu."

Limbert alibandua kijiduara kimoja cha pinki kwa ukucha.

"Usimwambie. Alinikataza. Nimebaki na nini mimi katika nyumba hii? Siendeshi, sioni, nalishwa. Akijua ni mimi niliyemwaga damu ya yule bibi, hataniangalia tena usoni."

"Mwambie wewe mwenyewe, Don Anselmo. Ukimwambia wewe, atalia, atanyamaza, yatakwisha. Mimi sitakutangulia. Lakini mwambie."

"Nitamwambia. Kwa roho ya mama yangu, nitamwambia."

Mlango wa nje ukagonga. Nilda aliingia bila koti, uso umesawijika.

"Wameniondoa," akasema. "Mbele ya wote. Katibu amesema mwanamke na gari bovu ni mikosi miwili." Akaliona boksi wazi mikononi mwa Limbert. Haraka Limbert alilifunika kwa kiganja chake. "Kimekufa, sivyo? Kile chombo chako kizuri."

"Kimekufa."

"Uliniambia ulikijaribu."

"Nilikijaribu. Kilikuwa kizima, Nilda. Niamini."

"Basi kimekufa kwa nini?"

Limbert alimtazama mzee. Mzee alitazama kofia yake.

"Sema! Wewe unayependa ushahidi, wewe wa balbu na draya, leo huna neno? Uliokota uchafu kwenye mabanda ya mtumba ukanifungia, ukaniambia ni dawa. Na mimi mjinga nikakufungulia mlango."

"Safari hii nakuomba uniamini bila balbu."

"Kuamini nini? Bibi wa watu ameshonwa uso!"

"Nilda..."

"Toka. Na wazazi wako waambie wale keki yao."

Limbert aliliweka boksi juu ya kiti, akalifunika vizuri. Alipopita mlangoni Don Anselmo alimshika mkono wa ovaroli, akaubonyeza, kisha akauachia. Limbert alisubiri simu siku ile, na kesho yake, na baadaye. Aliwaza kwamba mzee angesema, au Nilda mwenyewe angefungua boksi, au angepiga tu bila sababu. Ulipoandama mwezi mwingine alifunga karakana, akamfuata binamu yake Iquique, kule jangwa linakoishia baharini, kwenye mabanda yale yale wanakohamishia usukani.

Nilda aliuza viti vya gari, kisha injini. Alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa nyama karibu na stendi. Gauni la kijani alilitoa chini ya godoro akampa binti wa jirani, ambaye alilivaa kwenye harusi yake.

Majira ya baridi, siku moja wakila supu ya karanga, Don Anselmo aliweka kijiko chini.

"Ile bia niliimwaga mimi," akasema. "Glasi mbili. Yule kijana aliona. Nikamwomba anyamaze, akanyamaza."

Nilda aliendelea kutafuna. Baadaye alinyanyuka, akaenda uani na simu.

"Halo?" Nyuma ya sauti ya Limbert kulikuwa na msumeno wa chuma.

"Ni mimi."

"Subiri nitoke nje." Kisha upepo. "Nilda. Mzee ni mzima?"

"Ameniambia."

"Ahaa."

"Ulijua. Ulikuwa umeshika ushahidi mkononi, nikikutukana, na ulijua."

"Nilimwahidi."

"Na mimi je? Ukaniacha nikuharibie jina mtaa mzima, nikose kazi, nikose mume, ili wewe uwe mtu mwema?"

"Nilitaka uniamini, mpenzi. Mara moja tu. Kila mtu huniamini nikishaonyesha waya uliokatika. Nilitaka mmoja aniamini kabla."

"Huo ni mtihani, Limbert. Ulinipa mtihani bila kuniambia kwamba nafanya mtihani."

"Labda."

"Labda! Basi baki na wema wako huko jangwani."

Akakata. Simu ikaita tena, ikaita tena mkononi mwake. Alikuwa akilia kwa sauti, na hasira yake nyingi ilikuwa juu yake mwenyewe, lakini huwezi kuikatia simu nafsi yako, kwa hiyo alimkatia yeye. Ilipoacha kuita, alingoja iite mara nyingine. Haikuita.

Don Anselmo alifariki kabla ya joto kurudi, usingizini, bila kumsumbua mtu.

Siku ya Wafu Nilda aliandaa meza ya marehemu kama inavyopaswa: kitambaa cheusi, picha ya mzee akiwa na kofia, mikate yenye umbo la watoto na ngazi, miwa miwili, pombe ya mahindi iitwayo chicha, na sahani ya supu ya karanga. Mlango uliachwa wazi. Watu huingia kuiombea roho, wanajulikana au hawajulikani, na wakimaliza hupewa mikate. Mchana, kati ya kundi moja na jingine, aliingia Limbert. Alikuwa amenenepa kidogo na kuwa mweusi kwa jua la pwani. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na Nilda alitambua kwamba mkono wa mwanamume haupigi pasi hivyo.

Alipiga magoti, akasali hadi mwisho, bila haraka. Kisha akakaa kwenye benchi, na Nilda akamletea chicha.

"Hukuwa na haja ya kuja kutoka mbali hivyo."

"Alikuwa mzee wangu pia, kwa namna yake."

"Alikutaja sana mwishoni. Alikuwa akikuita yule kijana mwenye mdomo mzito."

Limbert alicheka kidogo, akafuta macho.

"Nisamehe," Nilda akasema. "Si kwa matusi tu. Ningelifungua lile boksi. Lilikaa pale kitini wiki nzima. Sikulifungua, kwa sababu nilikuwa naogopa nisije nikawa nimekosea."

"Na mimi ningesema. Ahadi kwa mzee haikuwa na uzito kuliko wewe. Nilijidanganya kwamba ina uzito."

Nje watoto walikuwa wakikimbia na mifuko ya mikate, wakihesabiana. Nilda alikunja kitambaa cha mkononi, akakikunjua.

"Siku ile niliyopiga simu. Kama badala ya kukata ningepanda basi nikaja, nikagonga mlango wako. Ungefungua?"

"Ningefungua kabla hujagonga."

"Na leo?"

Limbert aliangalia glasi yake. "Leo mlango una mtu mwingine wa kuufungua. Anaitwa Gladys. Atajifungua wakati wa Pasaka."

"Ni mwema?"

"Ni mwema. Ananiamini." Akasita, akaona alichokisema. "Sikukusudia..."

"Ni kweli tu. Acha ikae."

Nilda alinyanyuka, akachagua mikate kutoka mezani, ile mizuri yenye nyuso za udongo zilizopakwa rangi, akaijaza kwenye mfuko. Akaongeza mmoja mdogo wenye umbo la mtoto. Limbert aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Alitaka kumbusu shavuni kama watu wote wanavyoagana. Nilda akainamisha uso, busu likaangukia kwenye nywele, na wote wawili wakasimama hivyo kupita kiasi cha adabu. Kisha Limbert akatoka, akageukia upande wa stendi.

Kundi jingine lilikuwa limeshafika kizingitini, wanawake wawili na mzee mmoja mwenye filimbi, wageni wa mtaa. Walivua kofia, wakapiga magoti mbele ya meza.

"Jina la marehemu, mama?" mzee akauliza. "Tumwombee nani?"

Nilda alifungua mdomo, na jina lililomfikia ulimini halikuwa la baba yake. Alilimeza. Wageni walisubiri, vichwa vimeinama.

"Anselmo," akasema. "Mwombeeni Anselmo."